Mchoraji wa kanga naye ana jina

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni na sanaa, na ya viwanda na biashara,
Dodoma.

YAH: JINA LA MCHORAJI KWENYE PINDO LA KANGA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nusu ya miaka hiyo nimekuwa pia nachora kanga. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Mnalikuta kila siku kiunoni mwa mama zenu, mabegani mwa dada zenu, na ndilo mlilobebewa mgongoni kabla hamjajua kutembea.

Kabla hamjaendelea kusoma, naomba mchukue kanga yoyote iliyopo nyumbani, muitandaze kitandani, kisha muinamie ukingo wake, ndilo pindo. Pembeni kabisa mtakuta herufi ndogo zilizochapwa kwa mstari mmoja. Hilo ni jina la mwenye mali: kiwanda, au mfanyabiashara aliyeagiza mzigo, mara nyingi pamoja na namba ya mchoro. Zile za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887, zimeandikwa "Mali ya Abdulla", na pwani nzima tunazijua kwa jina hilo. Ninayo kanga moja ya marehemu bibi yangu iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Nyekundu yake imekuwa ya waridi, mji, yaani sehemu ya katikati, umefifia, lakini herufi za mwenye mali bado zinasomeka. Aliyeketi akaichora, akaamua ua likae hapa na doa likae pale, hayumo.

Kanga ina jina lake, lile neno linaloandikwa chini ya mji. Mwenye mali ana jina lake. Mchoraji peke yake ndiye hana, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Huenda wengi hamjawahi kumwona mtu akichora kanga, kwa hiyo niwaeleze kazi ilivyo. Karatasi inatandazwa mezani na inagawanywa mara nne. Mimi nachora kona moja tu ya pindo, na huko kwenye mitambo kona hiyo inageuzwa mpaka inakuwa kona zote nne. Kila rangi ina fremu yake ya kuchapia, kwa hiyo kila rangi ninayoiongeza ni gharama kwa mwenye mali, na ndiyo maana mchoraji wa kanga anajifunza kusema mengi kwa rangi tatu. Kisutu cha bibi arusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimetosheka na hizo tatu kwa miaka zaidi ya mia, na sijaona kitambaa kinachomkalia bibi arusi vizuri kuliko hicho.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye mwili. Anayechora kitambaa cha kukata gauni anajua fundi atakikata, maua yataangukia popote. Kanga haikatwi. Inavaliwa nzima, kwa hiyo unapochora unamchora mwanamke anayetembea. Akijifunga kiunoni, jina linatakiwa litue nyuma, mahali ambapo anayemfuata atalisoma. Likipanda sana linamezwa na fundo, likishuka sana linakunjamana magotini. Pindo la chini linapaswa kuwa zito kidogo kwa rangi ili macho yashuke mpaka kwenye kifundo cha mguu. Akijitanda ile ya pili, mji ndio unaofunika kichwa na pindo linauzunguka uso, kwa hiyo pindo likiwa na mistari mikali linamzeesha aliyeivaa. Haya sikuyasoma popote. Niliyapata kwa kukaa barazani kwa bibi nikiwatazama wanawake wakipita kwenda sokoni, na kwa kukunja mapindo ya watu, doti kwa doti, mpaka vidole vikajua.

Watu huniuliza mawazo nayatoa wapi. Mengine yanatoka kwenye milango ya zamani ya Unguja, ile yenye minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, na samaki chini, na mitende. Mengine yanatoka kwenye mikeka ya ukindu, kwa sababu msusi wa mkeka amekwisha kutatua kila swali la marudio ya mchoro kabla yetu. Siku moja nilipata pindo zima kutoka kwenye nyavu zilizoanikwa Deep Sea hapa Tanga, jua la saa kumi likipenya na kuzilaza kivuli juu ya mchanga. Nilirudi nyumbani mbio, sikusalimia mtu, nikachora mpaka taa zikawashwa.

Sasa niwaeleze kuhusu karafuu.

Mama yangu ni mtu wa Pemba. Mwaka 2019 nilikwenda kwao wakati wa mavuno, nikakaa siku tisa. Mchana karafuu zinaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, jioni zinazolewa, na kazi ya kutenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, inafanywa na kila mwenye mikono, mgeni akiwemo. Ukiishika karafuu karibu na jicho utaona kichwa cha mviringo kimeshikwa na vidole vinne, kama mtu aliyeshika kito. Nilichora vidole vile kwa wiki mbili. Nikavipanga vishikane, karafuu kwa karafuu, mpaka pindo likawa mnyororo. Mji niliuacha mtupu, rangi ya jamvi, una kishada kimoja tu katikati. Jina nililitunga mwenyewe: "Harufu haifungiwi sandukuni". Nilikuwa namkumbuka bibi na sanduku lake la kanga, alivyokuwa akilifungua mtaa mzima ukajua.

Nilipeleka mchoro Kariakoo kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Aliutandaza juu ya marobota, akausifu, akaupiga picha kwa simu yake, akaniambia, "Mama, tutawasiliana." Nikiwa ndani ya basi narudi Tanga, nikiutazama tena, niliona kosa. Katika kona niliyoichora, karafuu ya tatu kutoka pembeni nilikuwa nimeipa vidole vitano. Nilijilaumu njia nzima. Nilisema akipiga simu nitamwomba nirekebishe.

Simu haikupigwa. Miezi saba baadaye nilialikwa harusi hapa hapa Tanga. Nilichelewa kununua sare, nikaambiwa nitaikuta huko huko. Nilipoingia uani niliwakuta wanawake kama arobaini wamekaa kwenye mikeka, wote wamevaa karafuu zangu. Pindo lile lile, mji ule ule mtupu. Jina lilikuwa limebadilishwa, wameandika "Wema hauozi". Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu. Nikashika ncha ya kanga yake nikahesabu kutoka pembeni, moja, mbili, tatu. Vidole vitano. Nikageuza kona ya pili, vitano. Kona zote nne.

Sikusema kitu, ile ilikuwa arusi ya watu. Nilipewa doti yangu, nikajifunga moja, nikajitanda moja, nikaimba na wenzangu mpaka usiku.

Nilimfuata yule bwana Kariakoo. Hakukasirika wala hakunifukuza. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Dada yangu, karafuu ni za Mungu." Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii. Ni kweli, karafuu ni za Mungu. Kidole cha tano ni changu.

Waheshimiwa, najua mtajiuliza, kwani wewe fundi huigi? Naiga, na sitaki kuwaficha. Kila siku wateja wananiletea picha kwenye simu, gauni la Lagos, mshono wa msanii fulani, na neno ni moja: "Nishonee hivi hivi." Nawashonea. Mshono unatembea, haujawahi kuwa na mwenyewe mmoja, na fundi atakayekataa kuiga mshono atafunga kibanda kabla ya mfungo. Hata hivyo mtu akiniletea mshono ninaoujua ni wa nani, namtajia. Namwambia huu ameutoa fulani. Kumtaja hakunipunguzii bei, na mteja hutoka amejua kitu. Halafu ukiiga kwa haki, mkono wako unaacha alama yake: kifua cha mteja wangu si cha yule wa kwenye picha, kitambaa si kile, na mwisho gauni linazaliwa upya. Minyororo ya milango ya Unguja niliitoa mlangoni, lakini hakuna fundi wa mbao atakayeiona kanga yangu akasema nimemwibia mlango. Kupiga picha karatasi ya mtu, ukaituma kiwandani ikarudi na makosa yake yote ndani yake, hakuna mkono wowote uliopita hapo. Mtu wa sanaa anaijua tofauti hiyo bila kusomewa kifungu.

Na vifungu vipo. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inamlinda mwenye mali na jina lake. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 inamlinda mvumbuzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za kuchora, na inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Zanzibar ilitunga sheria yake ya mali za viwandani mwaka 2008 na kuingiza humo michoro ya viwandani. Kwa hiyo siwaombi muanze upya. Naomba haki ya kutajwa, ambayo imeshaandikwa kwenye karatasi, ishuke mpaka kwenye kitambaa. Sheria imenikuta sina ushahidi zaidi ya kosa langu mwenyewe. Wangapi wamechora bila kukosea, wakabaki hawana hata hicho?

Tunapaza sauti sana pale mgeni anapotugusa. Kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake, miaka ya 2006 na 2007, watu wa Kenya na marafiki zao walisimama na ombi lile halikufika mbali. Mbunifu Mwingereza Kim Jones alipoingiza miraba ya shuka la Kimaasai kwenye mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Paris, ya kiangazi cha 2012, maneno yalikuwa mengi, na ni haki yalivyokuwa mengi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema. Lakini Mmaasai aliyechukuliwa shuka Paris na mchoraji aliyechukuliwa pindo Kariakoo wameumizwa na kitu kilekile, na huyu wa pili hakuna aliyemsemea, kwa sababu aliyemchukulia ni ndugu yetu na tunakunywa naye kahawa.

Katika jukwaa la mavazi mambo yamekwenda vizuri zaidi, na napenda kulisema hilo. Tangu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, mbunifu akitoa nguo zake jina lake linatangazwa, na yeye mwenyewe anatoka mwisho kuinamia watu. Christine Mhando amezikata kanga zetu zikawa magauni London chini ya jina lake la Chichia, na anajulikana. Nikiwatazama nafurahi kwa dhati. Kisha naitazama kanga iliyokatwa gauni lile, nawaza habari za mtu aliyekaa na karatasi yake iliyogawanywa mara nne. Mbunifu wa gauni amepata jina na mbunifu wa kitambaa amebaki kuwa "kitambaa".

Sasa mnatafuta vazi la taifa. Kamati zimeundwa zaidi ya mara moja, na moyo huo nauheshimu. Ila kumbukeni jirani zetu Wakenya: mwaka 2004 walikusanya wabunifu, vazi likazinduliwa kwa shangwe, na leo ni nadra kumkuta mtu kalivaa barabarani. Vazi halishuki kutoka mezani. Kanga haikuzinduliwa na yeyote. Wanawake wa Unguja na Mombasa, katika karne ya 19, walikuwa wakinunua leso sita zikiwa bado hazijakatwa, wanazikata tatu tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo kipimo cha kanga kilipozaliwa. Mfanyabiashara alikuja nyuma yao kuchapa kile ambacho wao walikwisha kushona. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wamevishwa kaniki nyeusi na mabwana zao waliikimbilia kanga, kwa kuwa ilionyesha mbele za watu kwamba aliyeivaa kajichagulia. Nguo ya mtu aliyejichagulia: mkitaka pa kuanzia, anzieni hapo. Wale waliounga leso za kwanza hatuwajui hata mmoja kwa jina, na hilo haliwezi kurekebishwa tena. Wa leo bado wapo, tunapanda nao daladala.

Kinachowezekana ni hiki. Serikali ni mteja mkubwa wa kanga na vitenge. Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi, Nane Nane, sherehe za Uhuru, wiki ya hiki na wiki ya kile, kote huko nguo zinaagizwa kwa fedha ya umma. Toeni agizo moja: nguo yoyote itakayochapwa kwa fedha ya umma iwe na jina la aliyeichora, kwenye pindo, kando ya jina la mwenye mali, kwa herufi zilezile ndogo. Hakuna fremu mpya inayohitajika kwa sababu mstari ule unachapwa tayari. Ni maneno mawili yanaongezwa. Kampuni zinazotaka zabuni zitazoea, na zikishazoea kwa serikali zitashindwa kumweleza mteja wa Kariakoo kwa nini kwake haiwezekani.

Jambo la pili linahitaji kabati na mtu wa kulitunza. Kitabu kikichapwa nchini, sheria inataka nakala ipelekwe Maktaba Kuu. Kanga nayo ni chapisho. Ina maneno, ina picha, inatoka kwa maelfu, na inasomwa na watu wengi kuliko vitabu vingi. Kwa nini doti moja ya kila kanga mpya isipelekwe Makumbusho ya Taifa ikiwa na karatasi ya mwaka, kiwanda, mchoraji na jina? Ile kanga ya kumpongeza Obama ya mwaka 2008, yenye maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", ilizunguka dunia nzima. Wageni waliinunua wakaitundika ukutani kwenye fremu za kioo. Leo kijana anayesomea ubunifu akitaka kujua nani aliichora, aende wapi? Kwa sasa anayetaka kuzitazama kanga za zamani kwa mpangilio husafiri mpaka kwenye makumbusho za Ulaya, na mimi sina nauli hiyo. Mwanafunzi wangu wa cherehani, mwenye miaka kumi na tisa na mkono mwepesi kuliko wangu, hana hata pasipoti. Akiwa na kabati kama hilo Dar es Salaam, angejifunza kwa siku mbili niliyoyatafuta kwa miaka kumi. Na siku mtu atakapochukua pindo lake, kutakuwa na mahali pa kwenda na kufungua ukurasa.

Kwenye viwanda sitakaa sana, wapo wanaojua kuliko mimi. Niseme tu kwamba Urafiki, kiwanda cha nguo, ilipofunguliwa pale Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, kanga ilikuwa ikitoka pamba ya Kanda ya Ziwa mpaka kiunoni mwa mtu bila kuvuka bahari. Sasa sehemu kubwa ya pamba inaondoka ikiwa nyuzi hazijasokotwa, na kanga nyingi zinarudi kwenye kontena. Mchoraji naye anaathirika, kwa sababu kiwanda kikiwa Ubungo ningeweza kwenda mlangoni na karatasi yangu mkononi. Kikiwa ng'ambo, njia pekee ni simu ya mtu mwingine.

Nimeweka pamoja na barua hii nakala ya mchoro wa karafuu, wenye tarehe na saini yangu, na kipande cha kanga ya harusi ile, kona ya juu kushoto. Hesabuni kutoka pembeni, ya tatu. Nimekikata mwenyewe kwenye doti yangu ili mkione kwa macho yenu, na kukata kanga nzima kulinigharimu usingizi wa usiku mmoja. Sitafuti fidia ya karafuu. Yule bwana nimemsamehe na jina lake sitalitaja kwa mtu.

Nina michoro mingine kumi na nne ambayo haijatoka nyumbani kwangu. Ipo ya nyavu za Deep Sea, ipo ya maembe ya Muheza, na mmoja wa mashina ya mkonge niliourudia mara tisa kabla haujanikubali. Yote ina nafasi ya upana wa vidole viwili chini ya mstari wa mwenye mali. Mkiniita Dodoma nitakuja nayo kwa nauli yangu, nitaitandaza mezani kwenu, na nitawaletea na wachoraji wengine watatu ninaowajua, mmoja wao mzee wa miaka sabini na moja ambaye nyie nyote mmevaa kazi zake bila kujua. Mwiteni yeye kwanza, macho yake yameanza kumsumbua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi na mchoraji wa kanga,
Ngamiani, Tanga.